Kitenzi na Hoja katika Insha za Wanafunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jambo moja tu katika insha ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu huziandika kwa Kiswahili kuhusu fasihi, historia, falsafa na masuala ya jamii, nalo ni namna hoja inavyobebwa na kitenzi. Insha hizo zimekwisha kulalamikiwa sana. Husemwa kwamba msamiati wake ni haba, kwamba upatanisho wa kisarufi unavurugwa, na kwamba zinaanza kwa fasili tatu kutoka kamusi tatu kabla mwandishi hajasema neno lake mwenyewe. Malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, yanaishia kwenye ngozi ya insha. Msahihishaji huipigia mstari sentensi yenye ngeli mbovu, kisha akaipita bila alama yoyote sentensi inayofuata, ambayo haina kosa la sarufi lakini haithibitishi kitu. Dai letu ni kwamba kosa hilo la pili mara nyingi huonekana wazi katika viambishi vya kitenzi, na kwamba mwalimu wa isimu anaweza kulionyesha kwa kidole.

Suala hili linazidi usahihishaji wa karatasi. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu hapo mjadala umeelemea upande wa istilahi: wanaopinga husema maneno hayapo, wanaotetea hujibu kwa kuleta orodha za maneno. Pande zote mbili, bila kukusudia, zimekubaliana kwamba upungufu ni wa msamiati. Insha dhaifu ya mwanafunzi huchukuliwa kuwa ushahidi wa udhaifu wa lugha.

Lakini tuangalie njia aliyopita mwanafunzi huyo. Katika shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Katika sekondari, kwa miaka sita, alieleza sababu na matokeo ya matukio ya kihistoria kwa Kiingereza. Anapoingia Idara ya Kiswahili anatakiwa aandike kwa Kiswahili juu ya tamthiliya ya kihistoria, falsafa ya mtunzi na hali ya jamii, pengine yote katika insha moja. Ukiondoa yale aliyoyaandika katika somo la Kiswahili lenyewe, mara ya mwisho alipojenga hoja ya namna hiyo kwa maandishi ya Kiswahili alikuwa darasa la saba. Maneno anayo. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kukifanyisha kitenzi cha Kiswahili kazi ya hoja.

Mifano inayofuata nimeitunga mwenyewe kwa kufuata ruwaza zinazojirudia. Si nukuu kutoka kazi ya mwanafunzi yeyote.

2.0 Kinjikitile wawili

Tuanze na swali ambalo mwalimu wa fasihi hulitoa mara kwa mara, linalohusu tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjikitile (1969).

(1) Kinjikitile anatambua kwamba maneno yake hayamo tena mikononi mwake.
(2) Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905.
(3) Kinjikitile alitambua kwamba maneno yake hayakuwa tena mikononi mwake, na ndiyo maana Wajerumani wakamnyonga.

Sentensi (1) inamhusu mhusika. Kiambishi -na- hapa hakionyeshi wakati wa kusema. Kinaonyesha jambo linalotendeka kila tamthiliya inaposomwa au inapoigizwa. Ushahidi wake ni matini, na anayebisha atafungua kitabu. Sentensi (2) inamhusu mtu, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na kiambishi -li- kinaliweka tukio mahali pake katika mwendo wa miaka. Ushahidi wake ni kumbukumbu za Wajerumani, pamoja na masimulizi ya wazee kama yale yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya vita hivyo kutoka vinywani mwa wenyeji tunacho kwa sababu ya kazi za wanafunzi.)

Sentensi (3) haina kosa ambalo kalamu nyekundu imezoea kulitafuta. Hata hivyo, imemchukua mhusika wa jukwaani na kumvisha -li- ya mtu wa historia, kisha ikatumia mawazo aliyopewa na mtunzi kuwa sababu ya kifo cha mtu halisi. Mpaka kati ya fasihi na historia umevukwa kwa silabi moja. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba katika insha ya fasihi atumie wakati uliopo, ataifuata kanuni bila kujua inalinda nini. Akielezwa kwamba -na- inamwelekeza msomaji kitabuni ilhali -li- inamwelekeza kwenye nyaraka na mashahidi, atajua pia wapi aivunje kanuni hiyo.

Kiambishi hu- kina mtego wake. Anayeandika kwamba Hussein huonyesha mgongano wa mtu na jamii yake amedai mazoea ya mtunzi, na mazoea hayathibitishwi kwa tamthiliya moja. Huyo anadaiwa Mashetani na nyinginezo.

3.0 Mfuatano na sababu

Katika insha za historia kiambishi kinachofanya kazi kubwa, na kinachoficha mengi, ni -ka-.

(4) Wajerumani walilazimisha kilimo cha pamba, wananchi wakachukia, wakapata maji ya Kinjikitile, wakapigana.

Sentensi hii inasomeka vizuri, maana -ka- ni hazina ya usimulizi wetu na msikilizaji wa Kiswahili huifuata bila kuchoka. Lakini -ka- husema kwamba jambo la pili lilifuata la kwanza. Kwamba lilisababishwa na la kwanza haisemi, humwachia msikilizaji akisie. Katika hadithi ukisiaji huo ni sehemu ya utamu. Katika insha ya historia ndio mzigo wenyewe ambao mwandishi alipaswa kuubeba.

Kuna jambo jingine katika (4) ambalo ni rahisi kupitwa. Mnyororo wa -ka- umebeba kiambishi kimoja cha nafsi, wa-, kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliochukia, waliopata maji na waliopigana wamekuwa watu wale wale. Sivyo ilivyokuwa. Mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja ulianzishwa mwaka 1902 katika maeneo ya pwani, na Wamatumbi, walioanza vita Julai 1905, waliujua ukali wake. Wangoni wa Songea waliingia vitani Septemba mwaka huo huo. Hao walikuwa wamepoteza enzi yao mikononi mwa Wajerumani tangu 1897, na kuingia kwao hakuelezeki kwa pamba ya pwani. Kiambishi wa- kimewameza.

Lugha yenyewe inacho kipimo cha kulichunguza dai la sababu, nacho ni masharti yasiyotimia:

(5) Kilimo cha pamba kisingalilazimishwa, Wamatumbi wasingalipigana.
(6) Kilimo cha pamba kisingalilazimishwa, Wangoni wasingalipigana.

Sentensi (5) inaweza kutetewa, ingawa si bila ubishi, kwa kuwa kodi na ukatili wa maakida vilikuwapo pia. Sentensi (6) inamkwamisha mwandishi papo hapo. Ule uzi uliopita kwa ulaini katika (4) umekatika, na mwanafunzi analazimika kurudi maktabani. Wanasarufi wengine huona kwamba tofauti ya -nge- na -ngali- imekwisha kufifia, na katika mazungumzo haidhuru. Kwa mwandishi wa historia naona hasara kuipoteza, maana -ngali- inatamka bila maneno ya ziada kwamba mlango wa tukio umefungwa na tunaloliuliza ni la kufikirika.

Kipimo hicho hicho ndicho kitendea kazi cha insha ya falsafa, ambako hutumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Insha nyingi juu ya falsafa ya Kiafrika humtaja Alexis Kagame, ambaye katika kitabu chake cha 1956 aliyajenga makundi makuu ya vitu vilivyopo juu ya maumbo ya Kinyarwanda: muntu, kintu, hantu na kuntu. Mwanafunzi wa Kiswahili huhamisha hoja hiyo nzima nzima, akaandika kwamba ngeli zetu zinathibitisha jinsi Mswahili anavyougawa ulimwengu. Kitenzi "zinathibitisha" kimefunga mjadala kabla haujaanza. Tukikibadilisha tupate "ngeli zingekuwa ramani ya fikra, Mswahili angeona mto, mti na mkate kuwa vya jamii moja", mara tunaona dai linahitaji nini. Pia tunaona kwamba jina ambalo hutajwa kuwa kiini cha ngeli ya mahali, yaani neno "mahali" lenyewe, lina asili ya Kiarabu. Hayo hayatoshi kumpindua Kagame, ambaye hakuwa akizungumzia Kiswahili. Yanatosha kumzuia mwanafunzi asimrithi bila kazi. Ukosoaji wa Paulin Hountondji dhidi ya falsafa ya namna hiyo, ambao husomwa kwa haraka kama ugomvi wa wakubwa, hapo unaanza kueleweka.

4.0 Mtenda aliyefichwa

Insha za masuala ya jamii zina jozi yake ya maumbo: kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, na kitenzi kinachoishia -e kinachotoa agizo.

(7) Wasichana wanaozwa wakiwa wadogo. Jamii ielimishwe.

Nani anawaoza? Nani aielimishe jamii, na juu ya nini? Mwandishi ametoka kwenye tatizo hadi kwenye dawa bila kupitia ugonjwa. Jaribio letu ni dogo: sentensi irudishwe katika kauli ya kutenda. Hapo hatajwi mzazi peke yake. Inajitokeza pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo katika kifungu cha 13 iliweka umri wa msichana kuwa miaka 15 na wa mvulana 18, na katika kifungu cha 17 ikahusisha idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ya Tanzania iliviona vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Insha iliyoyataja hayo haiwezi tena kuridhika na "jamii ielimishwe", kwa sababu imekwisha kuonyesha kwamba ruhusa iliandikwa na watunga sheria.

Nadhani chanzo cha ruwaza ya (7) ni insha ya shuleni yenyewe, iliyomzoeza mwanafunzi kumalizia kwa methali na nasaha. Humo -e ya agizo ilipata alama nzuri.

5.0 Juu ya usahihishaji

Ninachokipendekeza hakihitaji mtaala mpya. Mwalimu achague aya moja ya insha, azungushie duara vitenzi vyake peke yake, kisha amrudishie mwanafunzi aeleze kila kiambishi kinadai nini na ushahidi wake uko wapi. Ngeli na tahajia zisubiri duru ya pili. Mzunguko huo una manufaa zaidi sasa, kwani mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeingiza katika sekondari somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na watakaosahihisha insha zake wamo katika madarasa yetu. Sentensi (4), ikipitishwa katika zoezi hilo, huweza kurudi hivi:

(8) Wamatumbi walipigana mwezi Julai 1905 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, walikuwa wamelazimishwa kulima pamba. Wangoni, ambao hawakuwa na sababu hiyo, walijiunga miezi miwili baadaye, na kujiunga kwao kunahitaji maelezo mengine.

Haina mdundo wa (4). Istilahi ngeni haimo hata moja, na kila neno lake linajulikana na mtoto wa darasa la saba.