Nani Mtendaji? Ushawishi katika Barua za Wakuu wa Makampuni

Barua ambayo mkuu wa kampuni huwaandikia watu wote si barua ya biashara kwa maana iliyozoeleka. Haiagizi bidhaa, haidai deni, wala haitoi hesabu ya mapato. Makusudio yake ni kuwafanya wasomaji wasadiki kwamba kampuni yaujua wajibu wake kwa wafanyakazi, kwa wanunuzi, kwa majirani na kwa nchi. Barua za namna hii ziliandikwa kwa wingi nchini Marekani tangu mwaka 2018, nazo zimefika Afrika ya Mashariki kwa Kiingereza, zikafasiriwa na watu wa magazeti na redio. Wala si habari za mbali. Mwaka 2023 mfuko mmoja unaosimamiwa na kampuni ya BlackRock ya New York ulinunua hisa katika mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, nchini Kenya. Kwa hiyo yafaa kuchunguza jinsi barua hizo zinavyoshawishi, na mzigo gani humwangukia mfasiri azitiaye katika Kiswahili.

Tangu zama za Aristotle, wataalamu wa balagha wameugawa ushawishi katika mafungu matatu: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Barua za wakuu wa makampuni zatumia yote matatu. Lakini mgawanyo huo hauonyeshi nguvu iliyofichika katika sarufi, yaani ni nani aliyewekwa kuwa mtendaji wa kitenzi, na kitenzi hicho ki katika wakati gani. Barua tatu mashuhuri zatosha kuwa mifano.

Ya kwanza ni ya Larry Fink, mmoja wa waasisi wa BlackRock, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1988 kwa kazi ya kusimamia mali za watu wengine. Kila mwaka, tangu mwaka 2012, alikuwa akiwaandikia wakuu wa makampuni ambayo BlackRock ina hisa ndani yake. Katika barua ya Januari 2018 alisema kwamba kila kampuni, pamoja na kupata faida, sharti ionyeshe jinsi inavyoinufaisha jamii. Neno kubwa hapo ni kwamba jamii ndiyo inayodai jambo hilo. Mwandishi hakusema kuwa yeye adai, ingawa kampuni yake wakati huo ilisimamia mali yenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 6. Alijifanya mjumbe aletaye habari za madai ya mwingine. Ushawishi wa namna hii una nguvu, maana mjumbe habishiwi kama abishiwavyo mwenye amri.

Barua yake ya Januari 2020 ilichanganya sentensi za namna mbili. Sehemu moja ilitangaza kwamba mambo ya fedha yako karibu kubadilika kabisa kwa sababu ya hali ya hewa; hapo mabadiliko yenyewe ndiyo mtendaji, kana kwamba yaja kama masika. Sehemu nyingine ilikuwa na nafsi, kipimo na muda: BlackRock ingeuza, katika mifuko ambayo wasimamizi wake huchagua wenyewe hisa za kununua, hisa za makampuni yapatayo zaidi ya asilimia 25 ya mapato yao kutokana na makaa ya mawe ya kuzalisha nishati, na kazi hiyo ingekamilika katikati ya mwaka ule. Sentensi ya kwanza yaweza kusifiwa tu. Ya pili yaweza kuulizwa kama imetimizwa.

Tofauti hiyo ilidhihirika baadaye. Mwaka 2022 jimbo la Texas liliiweka BlackRock katika orodha ya makampuni yanayosusia biashara ya mafuta, na Disemba mwaka huohuo Florida ilitangaza kuondoa dola bilioni 2 katika mikono yake. Katika barua ya mwaka 2022 Fink alikuwa amekwisha kujitetea kwamba kampuni yake yashughulikia mazingira kwa kuwa ni ya mabepari wenye amana ya wateja wao, si kwa kuwa ni watetezi wa mazingira. Januari 2025 BlackRock ilijitoa katika umoja wa wasimamizi wa mali waliokusudia kuondoa uchafuzi wa hewa, umoja ilioingia mwaka 2021. Huenda ikasemwa kwamba kampuni ilivunja neno. Lakini anayeisoma upya barua ya mwaka 2018 ataona kwamba dai kubwa lilikuwa la jamii. Na sehemu moja ya jamii ilipodai kinyume chake, mjumbe alikuwa huru kupeleka ujumbe mwingine.

Mfano wa pili ni tamko la Business Roundtable, baraza la wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani. Tarehe 19 Agosti 2019 wakuu 181 walitia saini maneno yanayoacha shauri la mwaka 1997, kwamba kampuni ipo kwanza kwa ajili ya wenye hisa. Walitaja wanunuzi, wafanyakazi, wauzaji wa vifaa na jamii za mahali, kisha wenye hisa wakawa wa mwisho. Mpangilio wenyewe ni hoja, kwani msomaji huchukua kitajwacho kwanza kuwa ndicho kitangulizwacho. Walakini Lucian Bebchuk na Roberto Tallarita wa Chuo Kikuu cha Harvard walipoyauliza makampuni hayo, karibu yote yaliyojibu yalisema kwamba bodi zao hazikuliidhinisha tamko lile. Aliyetia saini ni mkuu. Kampuni yenyewe, kwa sheria yake, haikuwa imesema neno.

Tamko hilo lamtega mfasiri. Kitenzi chake kikuu cha Kiingereza aghalabu hufasiriwa katika magazeti kwa “tumejitolea”. Lakini ajitoleaye hufanya jambo asilolazimishwa, na watu humshukuru. “Twaahidi” humfanya msemaji kuwa mwenye deni, na mwenye deni hudaiwa. Kwa neno moja mfasiri aweza kugeuza wajibu kuwa hisani.

Mfano wa tatu ni kinyume cha hiyo miwili. Septemba 2022 Yvon Chouinard, aliyeianzisha kampuni ya nguo ya Patagonia mwaka 1973, aliandika kwamba dunia sasa ndiyo mwenye hisa wake pekee. Alianza kwa kusema kwamba hakutaka kamwe kuwa mfanyabiashara, na kwa hilo alijenga tabia ya msemaji. Alieleza njia alizozikataa, yaani kuiuza kampuni au kuziuza hisa zake kwa umma. Kisha akaeleza jambo lililokwisha kutendwa: hisa zote za kupigia kura zimekabidhiwa amana, na zilizobaki zimepewa shirika linalopigania mazingira. Wapo waliosema kwamba njia hiyo iliipunguzia jamaa yake kodi kubwa, na hoja hiyo yastahili kupimwa. Lakini yaweza kupimwa kwa sababu barua ina mtendaji na tendo.

Sarufi ya Kiswahili yaongeza mambo mawili. Kwanza, kiambishi “tu-” hakibainishi kama asemwaye ni “mimi na wewe” au “mimi na wenzangu bila wewe”. Mkuu akisema “tumekosa”, msomaji aweza kujikuta ameingizwa katika kosa lisilo lake. Pili, Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. “Mto umechafuliwa” yakiri kwamba yuko aliyeuchafua, ijapokuwa hakutajwa. “Mto umechafuka” haimwonyeshi mtendaji yeyote. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza, hata isipomtaja mtendaji, humwachia nafasi. Mfasiri aandikaye “makosa yalifanyika” mahali pa “yalifanywa” humwongezea mwandishi usafi ambao yeye mwenyewe hakuudai.

Hayo hayana maana kwamba kila barua ya namna hii ni hila. Ushawishi ni kazi halali ya lugha, na mkuu asiyeweza kuwashawishi wenzake hawezi kuwaongoza katika jema lolote. Lakini mwanakijiji aishiye karibu na kiwanda, au kibarua wa shambani, hapati barua ya Kiingereza. Apata tafsiri yake, na kwa tafsiri hiyo atajua kama ameahidiwa au amehurumiwa. Basi kabla ya kufasiri sentensi yoyote ya barua hizo, mfasiri hana budi kujiuliza mambo matatu: nani atendaye, tendo limekwisha au lingojewe, na kama halikutimizwa, nani ataulizwa. Pale ambapo asili imemficha mtendaji, tafsiri nayo imfiche, isimwondoe.