Pombe ya Moshi Isiyo na Moshi

Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti pombe kali ya kienyeji. Mitaani watu huiita gongo. Sheria iliiita "Moshi". Jina hilo lina kosa ambalo mpika gongo yeyote anaweza kulisahihisha. Moshi wa kuni zake hubaki nje ya pipa, ukimchoma macho yeye na majirani, na pengine ukiwaelekeza polisi. Kinachopita kwenye bomba na kupozwa kwa maji ni mvuke tu. Alkoholi huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, maji kwenye 100, na ufundi wote wa gongo, chang'aa au waragi umejengwa juu ya tofauti hiyo. Ladha ya moshi haimo katika hesabu.

Anayetaka kuonja moshi wenyewe afike Mgori, mkoani Singida, aulizie asali.

Mgori imepakana na msitu wa miyombo wenye hekta zaidi ya 40,000, uliojipatia jina katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilipokabidhiwa kuulinda vyenyewe. Miyombo ikichanua, nyuki hujaza mizinga ya magogo na magome iliyotundikwa mitini. Mrinaji wa jadi hupanda usiku, mkononi ana mwenge wa nyasi au magome makavu unaofuka.

Moshi huo una kazi. Nyuki akishtuka hutoa kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu, ambayo kwa wenzake ni king'ora: shambulieni hapa. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walipima vipapasio vya nyuki waliofukizwa na kuona kwamba havikuisikia harufu hiyo vizuri, kisha uwezo ukarudi baada ya dakika kumi au ishirini. Wakati huohuo nyuki wengi hukimbilia kujaza matumbo asali, kama familia inayofungasha vyombo kabla moto haujafika.

Lakini moshi unaomtuliza nyuki ndio unaotua kwenye sega. Nta hunyonya vizuri kemikali zinazoyeyuka katika mafuta, na kemikali za moshi nyingi ziko hivyo. Mwenge ukisogezwa mno, au mrinaji akichelewa juu ya mti, asali inashuka ikiwa na jambo la kusimulia. Mnunuzi anachovya kijiti, analamba, anakunja uso. Kiwango cha kimataifa cha asali, Codex, kinakataa waziwazi ladha au harufu iliyonyonywa kutoka nje. Ndiyo maana wafugaji hufundishwa kutumia bomba la moshi lenye mivukuto, linalotoa moshi kidogo na wa baridi.

Sasa kasoro hiyohiyo ipelekwe kisiwa cha Islay, magharibi mwa Scotland, uone inavyopanda bei.

Wiski ya huko hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa, kama vile Wanyaturu wa Singida wanavyofanya kimea cha uwele au mtama kwa ajili ya pombe yao, ila kwao jua lipo la kutosha. Islay ni kisiwa cha mvua chenye miti michache. Kuni zao za tangu zamani ni mboji: udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu ndani ya kinamasi kwa maelfu ya miaka, unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Rwanda wanao, wanauita nyiramugengeri, na huko Gishoma wameujengea hata mtambo wa umeme. Kimea kibichi kikikaa juu ya moshi wa mboji, maganda yake huunasa. Kwa hiyo moshi unaingia mwanzoni kabisa, kabla ya kusaga, kuchachua na kukeneka, na unavumilia safari yote hadi kwenye glasi.

Kemia yake haina siri. Ndani ya mti kuna lignini, gundi inayoshikamanisha nyuzi za ubao. Ikiungua bila hewa ya kutosha huvunjika na kutoa fenoli za aina nyingi. Gwayakoli ndiyo harufu ya nyama iliyobanikwa. Kresoli inanuka kama mataruma ya mbao yaliyopakwa dawa, jua la saa nane likiyawakia, na ndiyo sababu mtu anayeonja Laphroaig, wiski ya Islay, kwa mara ya kwanza hudhani amepewa dawa ya vidonda. Mwenge wa Mgori na tanuri la Islay hutoa ukoo mmoja wa kemikali. Kinachobadilika ni uwiano, kwa kuwa mboji si ubao.

Viwanda hupima fenoli katika kimea kwa sehemu kwa milioni. Kati ya wiski za Islay, Lagavulin hutumia kimea cha 35 hivi, Ardbeg 55 hivi, na Octomore imewahi kupita 300. Mashabiki huzitaja namba hizi kama magoli, na hapo ndipo wanapokosea. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani. Tena fenoli nyingi hutoka mwishoni mwa ukenekaji, kwa hiyo fundi anayefunga bomba mapema hupata pombe yenye moshi mdogo. Caol Ila na Lagavulin hupata kimea cha kiwango kilekile, lakini Caol Ila ni nyepesi na Lagavulin ni nzito. Namba ya kimea haimwambii mtu atakachokionja, kama vile idadi ya kuni isivyoeleza utamu wa maharage.

Maji nayo yana la kusema. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Sweden walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, kwamba katika pombe kali sana gwayakoli huzama, imezungukwa na alkoholi. Pombe ikizimuliwa hadi asilimia 45 au chini, molekuli hizo hupanda juu ya uso wa kinywaji, karibu na pua.

Afrika Mashariki nayo haikuukataa moshi kila mahali. Wakalenjin husugua kibuyu kwa makaa kabla ya kugandisha maziwa yao, mursik, na wanariadha wa Kenya wakirudi na medali hunyweshwa maziwa hayo uwanja wa ndege. Hakuna anayekunja uso.

Je, mrinaji wa Mgori anaweza kujua kama mwenge wake umeiharibu asali, bila kumtegemea mnunuzi mwenye haraka ya kushusha bei? Njia ipo, na ilikuzwa na watengeneza bia wa Denmark miaka ya 1940. Vijiko vitatu: viwili vya asali ya mwenge, cha tatu cha asali kama hiyo isiyoguswa na moshi. Macho yafumbwe, maji ya kusukutua yawepo, muonjaji ataje kilicho tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja kati ya tatu. Wakionja watu 12 na 8 wakapatia, ni vigumu kuiita bahati: moshi umo.