X-Trail ya familia: raha zake na karaha zake

Kuna siku familia huketi mezani na kuamua kwamba matatu yametosha. Watoto wamekua, safari za shule, kanisa na mashambani zimeongezeka, na mkopo kutoka kwa chama cha akiba umekubaliwa. Baada ya miezi ya kulinganisha bei, gari lafika kutoka bandari ya Mombasa. Ni kubwa, limeinuka, na ndani limejaa vitufe ambavyo hakuna aliyewahi kuviona.

Majirani wanalisifu. Watoto wanagombania dirisha. Lakini wewe mwenyewe, msomaji, walijua gari lako?

Katika makala haya tutalitazama gari moja tu, Nissan X-Trail ya kizazi cha tatu, ambayo iliingia sokoni Japani Desemba 2013. Ni mojawapo ya magari ambayo familia nyingi humu nchini zimeyanunua yakiwa yametumika ng'ambo. Lina nafasi, linapanda vilima na bei yake si ya kuogofya kama ya magari makubwa zaidi. Hata hivyo, lina tabia zake, na asiyezijua huzilipia kwa pesa za karo.

Jambo la kukumbuka ni hili: aghalabu gari hili husema kabla halijaharibika. Hutoa sauti, huwasha taa, hutetemeka. Hasara kubwa huwapata wale wasiolisikiliza.

Lijue ni lipi

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo mwaka ndio swali la kwanza ambalo kila mnunuzi huuliza. Lakini kuna swali la pili ambalo wengi hulisahau: je, ni X-Trail ya aina gani?

Jibu limo katika nambari ya chesisi. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayana ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17. Nambari ikianza kwa T32, hilo ni gari la petroli linalosukumwa na magurudumu ya mbele pekee. NT32 ni la petroli linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne. HT32 na HNT32 ni yale yanayotumia petroli pamoja na umeme wa betri kubwa.

Tofauti hii si ndogo. Mwuzaji anaweza kukuapia kwamba gari ni la magurudumu manne, nawe ukaamini kwa sababu limeinuka. Soma nambari mwenyewe. Aidha, itisha cheti cha Kijapani cha kuuza gari nje, kwa kuwa huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Zikizidi zile zilizo kwenye dashibodi, ondoka hapo upesi.

Nambari hiyo hiyo ya chesisi hukuwezesha kuangalia katika tovuti ya Nissan ya Japani kama gari lako lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoitwa na kampuni ili kurekebishwa kasoro za kiwandani.

Giaboksi isiyo na gea

Sehemu inayozua malalamiko mengi katika gari hili ni giaboksi yake, ile ijulikanayo kama CVT. Ndani yake hamna gea za kupanda moja baada ya nyingine. Kuna puli mbili zinazopanuka na kujibana, na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Ndiyo sababu gari huenda laini bila kushtuka, na petroli hutumika kidogo.

Raha hiyo ina masharti. Mkanda ule hushikana na puli kwa shinikizo la oili, na oili ikichakaa au ikipata joto kupita kiasi, mkanda huanza kuteleza na kukwaruza chuma. Huko Marekani, ambako ndugu ya gari hili huitwa Rogue, wenye magari ya miaka ya 2014 hadi 2018 waliishtaki kampuni kwa sababu ya giaboksi hii, na kampuni ikakubali kuongeza muda wa dhamana. Wewe uliyenunua gari kuukuu huna dhamana hiyo. Kinga yako ni uangalifu.

Dalili zenyewe ni hizi. Gari linatetemeka likianza kutoka mahali au likienda polepole. Injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Kuna mlio mwembamba kama wa nyuki unaoongezeka kadiri unavyokwenda kasi. Au, katikati ya mlima mrefu, gari linaishiwa nguvu ghafula kisha linapona likipumzika. Hilo la mwisho ni giaboksi inayojikinga dhidi ya joto.

Ukiona mojawapo ya dalili hizi, usingoje mwisho wa mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa giaboksi ni ghali kweli kweli.

Oili ya giaboksi hii ni ya aina yake, na kwa kizazi hiki huitwa NS-3. Oili ya kawaida ya magari ya otomatiki haifai hata kidogo, hata fundi akikwambia kwamba oili zote ni sawa. Mafundi wengi wanaolijua gari hili hushauri oili hiyo ibadilishwe kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Isitoshe, kiwango chake hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikinguruma na oili ikiwa katika joto maalumu. Fundi anayekadiria kwa macho anacheza kamari na mali yako.

Na ukienda mashambani Desemba, gari likiwa na watu saba na magunia juu, usikanyage mafuta hadi chini katika mlima wa Mai Mahiu au ule wa kupandia Timboroa. Panda polepole. Gari likiishiwa nguvu, simama mahali salama, weka P, uache injini ikinguruma kwa muda ili oili izunguke na kupoa.

Magurudumu manne, si trekta

Ikiwa lako ni NT32, utaona kitufe cha kuzungusha chenye maandishi 2WD, AUTO na LOCK. Katika lami kavu, 2WD yatosha. Mvua ikinyesha au barabara ikiwa ya changarawe, weka AUTO, nalo gari litaamua lenyewe lini lipeleke nguvu nyuma. LOCK ni ya matope au mchanga, tena kwa mwendo wa polepole.

Lakini usidanganyike. Sehemu ya chini ya gari hili imeinuka kutoka ardhini kwa sentimita 20 hivi tu, na halina ile gea nzito ya magari ya kazi. Likikwama, usizungushe magurudumu kwa hasira. Yakizunguka bure, joto hupanda katika giaboksi na katika kile kiungo cha kupeleka nguvu nyuma, na mtambo hujizima. Shuka, ondoa matope, weka mawe au matawi, kisha jaribu taratibu.

Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilizochakaa sawa. Kununua tairi mbili mpya na kuziweka na vipara viwili ni kuulazimisha mtambo huo ufanye kazi mchana kutwa. Na gari likiharibika, lisivutwe kwa kamba hadi mjini. Liitiwe lori la kulibeba, magurudumu yote yakiwa juu.

Injini na petroli

Injini ya lita 2.0 ya gari hili hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini imara, na hutumia cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa kila mara. Hata hivyo, haipendi petroli chafu. Nunua mahali penye wateja wengi, na usizoee kuendesha taa ya petroli ikiwa imewaka.

Oili iliyopendekezwa ni nyepesi, ya aina ya 0W-20. Kwa vumbi letu na foleni zetu, usivuke kilomita 7,500 kabla ya kuibadilisha. Kwa redieta, tumia maji maalumu ya rangi, wala si ya mfereji, kwani ya mfereji huleta kutu.

Watoto waketi wapi?

Magari mengine ya aina hii yana viti vitano na mengine saba. Yale yanayotumia umeme yana vitano tu. Viti viwili vya nyuma kabisa ni vya watoto wakubwa kidogo au watu wafupi, na kwa safari fupi. Viko karibu na mlango wa nyuma, kwa hivyo gari likigongwa kutoka nyuma, wanaoketi hapo ndio wa kwanza kuumia. Kila anayeketi hapo afunge mkanda, na kile kiegemeo cha kichwa kiinuliwe.

Kiti cha mtoto mchanga kiwekwe katika safu ya pili, ambapo kuna vyuma maalumu vya kukishikilia vilivyofichika katikati ya mgongo na makalio ya kiti. Usikiweke mbele kikitazama nyuma. Mfuko wa hewa ukifumuka, humpiga mtoto kwa nguvu ya kuua.

Ufunguo, betri na redio

Gari huwashwa kwa kubonyeza kitufe, ufunguo ukiwa mfukoni. Siku kijibetri cha ufunguo kitakapokwisha, usivunje kioo. Ndani ya kifaa hicho mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango. Ukiingia, kanyaga breki, gusisha kifaa hicho kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Injini itawaka.

Mengi ya magari haya huzima injini yenyewe yanaposimama kwenye taa, kisha kuiwasha tena. Betri yake ni ya aina maalumu, yenye kustahimili kuwasha mara nyingi. Ukiweka betri ya kawaida kwa sababu ni rahisi, utanunua nyingine baada ya muda mfupi. Kama hupendi mtindo huo, kuna kitufe cha kuuzima.

Redio nayo imewatatiza wengi. Za Japani hushika FM kutoka 76 hadi 90 au 95, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Hilo si hitilafu. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa, au badilisha redio.

Taa zinapoongea

Washa gari bila kulikurupusha, utazame dashibodi. Taa zote za tahadhari zafaa kuwaka kisha kuzimika. Taa ya mfuko wa hewa au ya injini isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeizima ili kuficha ugonjwa. Huu ni ukaguzi wa nusu dakika ambao kila mnunuzi anapaswa kuufanya kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Baada ya kununua, kumbuka rangi. Taa nyekundu yamaanisha simama mara tu upatapo mahali salama. Ya manjano yamaanisha mwone fundi upesi. Fundi naye asikubali tu kuifuta kwa kompyuta. Mwulize imeonyesha nini na amerekebisha nini.

Ikiwa gari lako lina mtambo wa kupiga breki lenyewe hatari inapotokea, kumbuka kwamba hutegemea kamera au rada. Matope yakiziba, haioni. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera irekebishwe upya. Na mguu wako uendelee kuwa breki ya kwanza.

Kata sehemu hii uihifadhi garini

Kila wiki: pima upepo wa tairi zote, pamoja na ya akiba. Tazama oili ya injini na maji ya redieta injini ikiwa baridi.

Kila kilomita 7,500 au chini: badilisha oili ya injini na chujio lake. Kagua chujio la hewa, breki, bushi na viungo vya mbele, kwa kuwa matuta na mashimo huvimaliza mapema.

Kila kilomita 40,000 hadi 60,000: oili ya giaboksi, NS-3 pekee. Weka risiti.

Kabla ya safari ndefu: punguza mzigo wa juu, hakikisha jeki na spana ya magurudumu zimo, na kila abiria ana mkanda.

Siku yoyote ukisikia mtikisiko au mlio mpya: zima redio, teremsha vioo, na usikilize. Kisha mpeleke fundi mle garini akausikie mwenyewe, kabla haujageuka kuwa deni jingine juu ya lile la chama.