Menyu ya Kusikilizwa: Utangulizi

Huenda unadhani kusanifu menyu ya simu, ile sauti inayompokea mpigaji na kumwambia abonyeze namba gani, ni kazi ya mafundi mitambo peke yao. Mitambo ipo, lakini fani hii imejengwa juu ya kumbukumbu ya mpigaji.

Tuanze na kitufe. Mwaka 1963 kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuwapa wateja simu za vitufe, ambazo kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja. Kitufe cha 5 hutoa mlio wa hezi 770 na wa hezi 1336. Hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Mlio mmoja ungeweza kufanana na sauti ya mtu anayeongea, na mtambo ukadanganyika. Jozi ni ngumu kutokea kwa bahati. Kwa upande wa umeme, hayo yanakutosha kwa leo.

Sasa twende kwenye sikio. Ukipiga *150*00# kufungua M-Pesa ya Tanzania, machaguo hukaa kwenye kioo. Unasoma, unarudi juu, unaamua. Menyu ya sauti haikai. Linganisha: “Bonyeza 3 kurejesha pesa uliyotuma kimakosa,” na “Kurejesha pesa uliyotuma kimakosa, bonyeza 3.” Katika sentensi ya kwanza mpigaji anapewa namba kabla hajajua kama inamhusu, na akishajua, huenda imeshamtoka. Katika ya pili namba inamfikia akiwa tayari anaisubiri. Taja haja kwanza, namba baadaye: ukijifunza kanuni hii moja tu, umeshawasaidia watu wengi.

Utauliza, machaguo mangapi? Wengi hutaja saba, wakitegemea makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956. Lakini Miller alizungumzia kukariri orodha, na mpigaji wako hakariri; anaacha lisilo lake na kungoja lililo lake. Kinachomchosha ni kungoja bila uhakika. Mimi napendekeza manne hivi kwa kila ngazi, yaani kila hatua ya menyu, linaloulizwa sana likitangulia. Na yapewe majina ya wapigaji wenyewe: “salio”, “makato nisiyoyaelewa”, wala si majina ya idara zenu.

Kisha fikiria mikono. Mwenye kitochi huondoa simu sikioni ili atafute kitufe, na maneno yanayofuata hayasikii. Kwa hiyo ongeza muda wa kungoja, yaani sekunde ambazo mtambo hukaa kimya kabla ya kudhani mpigaji amekosea. Aliyezoea naye mruhusu kukatiza: kubonyeza kabla tangazo halijaisha. Anayekosea mara mbili apelekwe kwa mhudumu, asikatiwe simu.

Kabla hujagusa mtambo wowote, nenda kituo cha daladala, mwombe mwenzako akupigie na kukusomea menyu yako mara moja tu. Popote utakapomwomba arudie, andika upya.