Unywaji wa Pombe kwa Wanaotumia Dawa za Kupunguza Lehemu

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wa Unguja na Pemba wanaarifiwa kwamba maelezo haya yametolewa kwa faida ya wale walioandikiwa na daktari dawa za kupunguza lehemu katika damu, nao wakawa wanakunywa pombe, iwe kila siku au mara moja moja. Yanawahusu pia jamaa zao, kwani mara nyingi jamaa ndio wanaoziona dalili mwanzo.

Dawa zinazokusudiwa khasa ni zile za jamii ya statini, kama vile simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Asili yake ni kuvu, na aliyeigundua ya kwanza katika miaka ya 1970 ni mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ulaya ya Kaskazini kwa wagonjwa 4,444 wa moyo. Waliopewa simvastatini walipungukiwa na vifo kwa takriban asilimia 30 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyokuwa na dawa.

Sehemu kubwa ya lehemu haitokani na chakula, bali hutengenezwa na ini. Statini hufanya kazi ndani ya ini kwa kukizuia kimeng'enya kinachohitajika katika utengenezaji huo. Pombe nayo huvunjwa na ini hilo hilo.

Je, ni marufuku kabisa kunywa? Kitabibu, hapana katazo la jumla kwa mtu ambaye ini lake ni zima, wala pombe haikigeuzi kidonge kuwa sumu. Hatari imo katika wingi na mazoea. Pombe nyingi huliharibu ini, na mwenye ugonjwa wa ini ulio hai hapewi statini. Vile vile pombe nyingi huidhoofisha misuli, na statini, kwa watu wachache, huiumiza misuli hiyo hiyo. Ikifika misuli kuvunjika, mabaki yake huingia katika damu na kuyadhuru mafigo. Hali hiyo ni nadra, lakini huua. Zaidi ya hayo, pombe huongeza mafuta mengine ya damu yaitwayo trigliseridi na hupandisha shinikizo la damu, hata mtu akawa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwengine.

Kila mnywaji husema anakunywa kidogo. Nchini Uingereza watu hushauriwa wasizidishe vipimo 14 kwa wiki, kila kimoja kikiwa na mililita 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina vipimo viwili na nusu. Chupa ya sita katika wiki imekwisha kuvuka mpaka. Tembo la mnazi halipimiki hivyo, kwani la asubuhi silo la jioni. Gongo ndiyo haisemeki. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi wa Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisichokuwa na madhara.

Linalotia wasiwasi zaidi ni hili. Simvastatini humezwa usiku, kwa sababu ini hutengeneza lehemu zaidi wakati huo. Wapo wanaokiacha kidonge kila usiku wa kunywa, wakidhani kuwa wanalihifadhi ini. Kukiacha kidonge hakulikingi ini na pombe hata kidogo. Kinachoondoka ni kinga ya moyo. Asiyeweza kuyaweka mawili pamoja basi aache pombe, asiache dawa bila ya idhini ya daktari.

Visiwani kwetu kunywa ni jambo la sitara, na mgonjwa akiulizwa hospitali hukana, khasa akiwa amefuatana na mkewe au mwanawe. Inafaa ifahamike kwamba swali la daktari si la kumhukumu mtu. Kwa jibu lake daktari huamua kipimo cha dawa, na kama ini lichunguzwe kwa damu kabla ya kuanza. Mgonjwa ana haki ya kuomba jamaa atoke nje kwanza. Aeleze pia dawa nyengine anazotumia, kwani erithromaisini, klarithromaisini na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI huizidisha simvastatini katika damu, kama inavyofanya maji ya balungi.

Maumivu ya misuli asubuhi baada ya kunywa mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uchovu wa ulevi tu. Kwa anayetumia statini, maumivu yasiyokuwa na sababu, mkojo wenye rangi ya kahawa, macho kuwa manjano, au maumivu chini ya mbavu za kulia, yasingojewe kupoa. Afike hospitali siku hiyo hiyo, naye achukue vidonge vyote anavyovitumia pamoja na pakiti zake.