Ukiona Kasoro, Umwambie Nani?

Muhula ujao msimbo wa programu yetu ya msamiati utakuwa wazi kwa kila mtu. Wanachama wengi mnaijua: ndiyo ile tuliyoianza ili tufanyie mazoezi ya ngeli, kisha ikakua mpaka ikabeba sauti za wazazi, shangazi na bibi zetu wakitamka maneno kwa lafudhi za kwao, za Unguja, za Mombasa, za Bukavu. Tumekubaliana iwe programu huria, yaani yeyote aweze kuusoma msimbo wake, kuutumia, kuubadilisha na kuturudishia alichorekebisha. Leseni tuliichagua kwa dakika kumi. Kilichotuchukua wiki tatu ni ukurasa mmoja ambao baadhi yetu waliuona wa kujazia tu: sera ya usalama.

Sera ya usalama ya mradi wa namna hii ni maelezo mafupi, na kwa desturi hukaa katika faili linaloitwa SECURITY.md. Kazi yake ni kumjibu mtu asiyetujua hata kidogo, ambaye ameona kasoro inayoweza kutumiwa na mwizi, naye anauliza: nimwambie nani, na nikishamwambia itakuwaje? Kasoro za kawaida za programu huria huripotiwa hadharani, na hiyo ndiyo raha yake. Lakini kasoro ya usalama ikitangazwa kabla haijarekebishwa, ni kupiga mbiu mtaani kwamba mlango wa nyumba fulani haufungi.

Ulimwengu uliliona hilo vizuri Aprili 2014. OpenSSL ni programu huria inayosaidia tovuti nyingi sana kuficha mawasiliano yasisomwe na wapita njia. Ndani yake kulikuwa na kasoro, baadaye ikaitwa Heartbleed, iliyomwezesha mtu wa mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya kompyuta inayotoa huduma, pengine pamoja na nywila zilizokuwemo. Ilikuwemo katika matoleo yake tangu Machi 2012. Kisha makundi mawili, moja la Google na jingine la kampuni ya Codenomicon ya Finland, yakaigundua kila moja kivyake. Habari ilipotoka tarehe 7 Aprili, baadhi ya kampuni zilikuwa zimeshaambiwa na kuziba, nyingine zikaisikia siku ile ile pamoja na umma. Nani aambiwe mapema, na kwa haki gani? Septemba mwaka huo huo OpenSSL walichapisha sera ya usalama iliyoeleza namna wanavyopima uzito wa kasoro na nani hupewa taarifa kabla ya wengine. Sisi tuliisoma kwa wivu kidogo, kwa sababu imeandikwa na watu waliokwisha ungua.

Yetu ni programu ndogo, mtu anaweza kusema, nani aihangaikie? Jibu liko kwenye zile sauti. Hazimo ndani ya msimbo, ila msimbo ndio ramani ya ghala lake. Mtu akipata upenyo atakuta jina la bibi, namba yake ya simu, jina la mjukuu aliye Uingereza, na sauti. Nani kati yetu hana jamaa aliyewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Sasa fikirini ujumbe huo ukimtaja mjukuu kwa jina lake.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa maneno. Tuseme udhaifu, tundu, ufa au kasoro? "Ufa" ulipendwa kwa sababu ya methali, lakini mwalimu wetu akatukumbusha kwamba sera husomwa na mtu mwenye haraka, asiye na nafasi ya kufumbuliwa mafumbo. Tukabaki na "kasoro ya usalama". Wenzetu wa Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ile programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila shaka walikesha kwa mambo kama haya. Kiswahili kimetangulia, Kiingereza kiko chini yake, kwani atakayeigundua kasoro huenda hajui hata "habari".

Wa pili ulikuwa wa siku. Kikosi cha Project Zero cha Google huwapa wenye programu siku 90 kurekebisha, kisha hutangaza walichokiona. Mmoja wetu alitaka tuahidi kujibu ndani ya saa 24. Mei tuna mitihani, Agosti nusu yetu tuko kwa ndugu, na Januari hakuna anayefungua barua pepe ya chama. Tuliandika siku saba za kujibu, na siku 90 za kurekebisha au kueleza kwa nini tumeshindwa. Ahadi ndogo inayotimizwa inamtosha mgeni kuliko kubwa itakayomfanya achoke kungoja akaenda kusema hadharani.

Wa tatu ulikuwa mgumu kuliko yote, nao ni wa sheria. Hapa Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1990 ya matumizi mabaya ya kompyuta, kuingia kwa makusudi katika kompyuta ya mwingine bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuiba kitu. Kwa hiyo mtu mwema akiona mlango uko wazi ana sababu ya kunyamaza. Sera yetu inampa ruhusa iliyo na mipaka: ajaribu kwenye nakala aliyoiweka katika kompyuta yake, au kwa akaunti aliyoifungua mwenyewe, akikutana na sauti au namba ya mtu mwingine aache hapo hapo, asinakili, atuambie. Akifuata hayo, sisi hatutamshtaki popote. Mwalimu akauliza: "Sisi" ni nani? Kompyuta inayohifadhi sauti ni ya idara. Tulikwenda kuuliza, tukaambiwa chama kijisemee chenyewe tu, na sentensi hiyo ndiyo tuliyoandika, ingawa inapunguza utamu wa ahadi. Idara ina wajibu wake pia: taarifa binafsi zikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, mamlaka ya ulinzi wa taarifa inatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Ndiyo maana barua ya mgeni haiwezi kulala kwenye sanduku la mtu mmoja aliye safarini.

Fedha hatutoi, na tumesema hivyo wazi. Jina la aliyetusaidia litaandikwa katika orodha ya shukrani akipenda. Tumeomba pia aeleze hatua kwa hatua alivyoiona kasoro, kwa maana miradi mikubwa kama curl imelalamika kufurikiwa na ripoti zilizotungwa na akili mnemba, ndefu, za heshima, na za kasoro zisizokuwepo.

Limebaki jambo moja ambalo karatasi haiwezi kulimaliza. Sisi watatu tulioiandika sera hii tuko mwaka wa mwisho. Anwani ya kupokea taarifa tumeifanya ya chama, isiwe ya mtu, na inahitaji washika funguo wawili, angalau mmoja wao akiwa wa mwaka wa kwanza au wa pili. Tumempata mmoja. Kazi yenyewe ni kufungua sanduku mara mbili kwa wiki, likizo ikiwemo, na kujua nani wa kumpigia simu idarani. Mkutano mkuu ukifika bila jina la pili, tumekubaliana kwamba msimbo utafunguliwa kama ulivyopangwa, lakini sauti na namba zote zitaondolewa kwanza, na bibi zetu tutawapigia wenyewe kuwaeleza sababu.