Kurudi Shamba: Nyumba ya Udongo, Kilimo Bila Sumu na Haki za Watu

AlhamduliLlaah, na Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na ahli zake na Maswahaba zake.

Tumekuwa tukiletewa swali moja kwa sura nyingi na familia changa za Unguja na Pemba. Mume na mke wamechoshwa na kodi ya nyumba ya mjini. Wanataka kuhamia shamba la wazee, wajenge kwa udongo, mawe na makuti, wafuge kuku na mbuzi, walime bila dawa za sumu, na watoto wakue wakijua chakula kinatoka wapi. Wanauliza: je, dini inasemaje?

Asili ya jambo hili ni halali, tena lina kheri. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Kilimo cha namna hii siku hizi huitwa pamakalcha, jina lililoenezwa na Bill Mollison na David Holmgren wa Australia katika kitabu chao cha mwaka 1978. Jina ni geni, lakini mzee wa Pemba ukimueleza habari ya kupanda mnazi juu, mgomba chini yake, muhogo na mbaazi pembeni, na majani makavu kurejeshwa shinani, atakuuliza wewe ulidhani watu wanalima vipi.

Wala tusipitilize. Vyumba vya wake wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) vilikuwa vya matofali mabichi na makuti ya mtende, lakini hilo halimfanyi mwenye nyumba ya matofali ya saruji na bati kuwa na dhambi. Anayehamia shamba asijione mchamungu kuliko nduguye aliyebaki mjini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawaliulizi, nalo ndilo zito kuliko yote: shamba lenyewe ni la nani?

Jibu tunalopewa mara nyingi ni "shamba la babu". Babu alishafariki, na huenda baba naye pia. Basi hilo si shamba la babu tena, ni mali ya warithi, na kama halijagawiwa, kila mrithi ana fungu lake katika kila pembe yake. Mrithi mmoja hana ruhusa ya kujenga wala kupanda miti ya kudumu humo bila ya ridhaa ya wenziwe. Na warithi si kaka peke yao. Wamo shangazi zetu walioolewa kijiji kingine, na dada zetu ambao hawajadai kwa sababu wanaona haya kudai. Kunyamaza kwa dada si ridhaa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shibiri atavikwa shingoni Siku ya Qiyama kutoka ardhi saba. Nyumba ya udongo iliyosimama juu ya fungu la shangazi haina tofauti na ghorofa iliyosimama hapo.

Kwetu visiwani lipo na jengine: miti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa ya Serikali, familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu, na Sheria ya mwaka 1992 nayo inaihesabu ardhi kuwa ni ya umma, watu wakiwa na haki ya matumizi. Lakini minazi na mikarafuu hununuliwa, hurithiwa na huwekwa rehani peke yake. Kwa hiyo anayeambiwa "njoo ukae hapa" aulize mara mbili: kiwanja cha nani, na miti ya nani? Huenda mkarafuu unaotaka kuukata upate nafasi ya jiko ni riziki ya mjane. Na huenda shamba ni la wakfu, hapo hata warithi wote wakikubali haitoshi; ulizeni Kamisheni ya Wakfu.

Wapo wanaosema, "Hapa ni pori tu, na Mtume amesema mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa ni yake." Hadithi ipo, lakini inahusu ardhi isiyo na mwenyewe, na Imam Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya mtawala hata hapo. Kwetu pori halikosi mwenyewe. Nendeni kwa sheha kabla ya kunoa panga.

Mkikubaliana, andikeni. Taja mipaka, taja miti, taja muda, na weka mashahidi wawili. Ukiazimwa ardhi kwa maneno matupu, mwenyewe anaweza kubadilisha nia wakati minazi yako ndiyo kwanza inazaa, na ugomvi wa hapo huvunja udugu.

Katika ujenzi, boriti na fito za mikoko zisikatwe bila kibali. Mikoko inazuia bahari isile ardhi ya watu wengine. Ukuta wa udongo uinueni juu ya msingi wa mawe na upaa utokeze nje vizuri, la sivyo masika moja tu yatautafuna. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa upigeni lipu ya chokaa. Saruji huziba unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu.

Samadi ndiyo iliyotuletea maswali mengi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, kinyesi cha mnyama ni najisi hata akiwa analiwa. Malik na Ahmad wameona cha mnyama anayeliwa ni twahara. Kutia samadi shambani kunajuzu, na mazao ni twahara. Mchicha ulioguswa na samadi uoshwe tu. Kuuza samadi Mashafi'i hawakupitisha, lakini wameruhusu mtu alipwe ili aondoe mkono wake juu yake. Na aliyekandika sakafu kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe atandike mkeka safi, aswali. Swala yake ni sahihi. Akichanganya udongo kwa majani makavu au chokaa badala yake, amejitoa kwenye khilafu yote.

Zaka msiisahau. Nafaka ikifika wasqi 5, takriban kilo 650, hutolewa sehemu ya kumi ikiwa imenyeshewa na mvua, na nusu ya hiyo ikiwa imemwagiliwa kwa gharama. Mpunga uliohifadhiwa na maganda yake, Mashafi'i wanauhesabu kwa wasqi 10. Hutolewa ukishavunwa na kukaushwa, wala hausubiri mwaka.

Mwenye kadhia ya mirathi iliyochanganyika asitosheke na makala hii. Aende kwa Kadhi na orodha ya warithi wote, wanawake wakiwemo.

Wa-Allaahu A'lam.